Machozi ya Karani

Karani tuliyeletewa Kagunga kuandikisha wakimbizi hakuwa na desturi ya kumtazama mtu. Alitazama kompyuta, pua karibu igonge kioo, tangu asubuhi hadi jua linazama ziwani. Macho yalimwiva kama pilipili, yakichuruzika machozi, naye akiyafuta kwa kiganja huku akiuliza, "Jina? Kijiji? Haya, mwingine!" Mimi, mkalimani wake, nilitafsiri. Warundi waliyaona machozi yale wakaamini wamempata mtu wa kulia nao. Foleni yetu ikawa ndefu kuliko zote. Meza ya pili, kwa dada aliyewanywesha watoto maji na kuwachekea, ilikimbiwa: anachekaje na sisi tuna misiba?

Siku moja bibi mmoja alimpapasa karani mkono. "Ihangane, mwanangu."

"Anasemaje?"

"Anakupa pole. Anasema ujikaze."

"Pole ya nini?"

Papo hapo jenereta likazima, kioo kikawa cheusi. Karani akafumba macho, akayapumzisha kitambo, kisha akayafumbua na kumtazama bibi usoni kwa mara ya kwanza. Yalikuwa makavu kabisa.

Bibi alirudi nyuma, akaninong'oneza: "Muulize, nimemkosea nini?"