Vijiwe vya Mhadhiri

Juzi, kwenye foleni ya zahanati moja karibu na Gede, mtoto wa kike alikuwa akilia kwa maumivu ya sikio. Kando yake aliketi jirani yangu wa suti ya kaunda, mhadhiri wa fizikia aliyekuja likizo. Kiinimacho ndio mchezo wake akiwa nyumbani. Akamwonea huruma mtoto, akamwonyesha kiganja kitupu, akamgusa sikio, akatoa kijiwe cheupe. Mtoto akanyamaza.

Mama mtu akakichukua kijiwe, akakifunga kwenye pindo la leso, akambeba mwanawe mgongoni.

"Mungu akuweke, mwalimu. Kumbe ndicho kilichokuwa kikimla mwanangu."

Akashika njia ya kwao. Mhadhiri akamkimbilia.

"Mama, huo ni mchezo tu. Daktari hajamwona mtoto."

Ili aaminiwe, akatoa mfukoni vijiwe vingine kumi na kitu, sawasawa na kile. Mama akavitazama kwa heshima.

"Watoto wote hawa umewaponya wewe?"

Akaenda zake. Msomi huyu hula mshahara kwa kufundisha watu kudai ushahidi, na ushahidi wake ndio uliomtia kitanzi. Nilipogeuka, akina mama walikuwa wameuacha mlango wa daktari, wamempangia foleni yeye.