Kamera Niliyoichagua kwa Ukubwa

Miaka ya tisini, dada yangu Mwende alipokaribia kuolewa nyumbani Kasikeu, nilienda Nairobi kununua kamera ya video.

"Chukua hii ndogo, bosi," muuzaji alinishauri. "Hata mtoto anaiweza."

Mimi nikataka ile kubwa ya kubeba begani, ili watu wanione. Alipokuwa akinieleza vitufe vyake, nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha duka.

Siku ya harusi nilijiona mtu. Susu, nyanya yetu, alicheza mbele yangu mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kucheza kule nakuona hadi leo.

Jumapili iliyofuata ukoo mzima ulijaa sebuleni kutazama mkanda wa harusi, televisheni ikitumia betri ya gari. Kumbe nilikuwa nikibonyeza kinyume: kila nilipodhani nimewasha, nilikuwa nimezima. Tuliona nyasi, viatu vyangu, na sufuria za pilau. Halafu sauti yangu ikasikika wazi: "Keki ya shangazi imekauka kama simiti!"

Shangazi alikuwa ameketi kando yangu. Susu akasogea karibu na televisheni, akaichungulia, akaniuliza polepole, "Na mimi niko wapi?"