Damu Kwenye Maji ya Chumvi

Mwezi uliopita nilikuwa napiga mswaki, nikatema kwenye sinki, maji yakatoka na damu. Kabla sijafikiri nikajisikia nikisema, "Ni hii maji yetu." Hayakuwa maneno yangu. Yalikuwa ya Shosho, nyanya yangu aliyenilea, na nyumba yangu hapa Kiamunyi imejengwa kwenye kipande cha shamba lake. Bafu liko pale pale palipokuwa na mgomba. Wewe niambie kama mtu hashtuki hapo.

Nilipokuwa mtoto, Kiamunyi ilikuwa mahindi matupu. Maji tuliteka kwenye kisima kirefu cha jirani, na kama umekulia upande huu wa Nakuru unajua yalivyotupaka meno rangi ya chai iliyokolea. Baadaye nilipoenda shule ya bweni, mbali, wasichana waliniona nikicheka mara moja tu wakasema, "Huyu ni wa Nakuru." Mimi sikujali. Meno yetu yalikuwa ya kahawia lakini magumu, na ya Shosho yalishinda yote. Alitumenyea miwa kwa meno. Wajukuu tulipanga foleni jikoni kwenye moshi, naye anang'ata ganda, anavuta, praa, anatema kando, kisha anakukabidhi kipande cheupe kinachotiririka maji. Kisu alikikataa katakata. Alisema muwa wa kisu una ladha ya chuma.

Kisu kilikuja hata hivyo. Siku moja tulipanga foleni tukamkuta nacho mkononi. Githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, akaanza kuiponda. Mahindi ya kuchoma aliyanusa tu, akampa jirani. Na kicheko chake, ambacho zamani ulikisikia ukiwa bado barabarani, akaanza kukifunika kwa ncha ya leso.

Mimi nilijua kuliko wengine, maana kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumpelekea kikombe cha bati chenye maji ya uvuguvugu na chumvi. Alisukutua chini ya mgomba, gulu gulu gulu, akatema, nami nikafukia kwa jembe. Mwanzoni maji yalikuwa na wekundu kidogo tu. Baadaye yakawa mekundu kabisa. Fizi zake zilivimba zikang'aa, kisha zikaanza kurudi nyuma hadi meno yakaonekana marefu. Na pumzi yake, Mungu anisamehe, nilianza kugeuza uso aliponikumbatia. Kijiti chake cha mswaki alikuwa amekiacha.

"Ukisugua kidonda unakichokoza," aliniambia. "Ni hii maji yetu tu. Na usiambie mamako, atanipeleka kwa wale wa kung'oa."

Kwetu maji yalibeba lawama zote za mdomo. Jino likiuma, ni maji. Likitikisika, ni maji. Basi nikaahidi.

Muhula huo huo alikuja kwenye shule yetu ya msingi pale kijijini daktari wa meno, mwanaume mpole mwenye koti jeupe lililomfupia mikono. Alitueleza kwamba utando laini unaobaki kwenye meno ukiachwa unakauka kama ukoko wa sufuria, unaingia chini ya fizi, na fizi inaugua polepole, mara nyingi bila maumivu. Damu ndiyo dalili ya mapema, akasema. Kisha akatuangalia mmoja mmoja. "Kama kuna mtu kwenu fizi zake zinatoka damu, mwambieni aje. Akija mapema hatung'oi. Tunasafisha tu."

Hatung'oi! Nilikimbia njia yote nikiwa na neno hilo mdomoni. Nikamkuta Shosho na wageni, leso iko mdomoni, nikanyamaza. Nilikuwa nimeahidi, ndiyo, lakini si hilo tu. Niliona aibu. Kumwambia kungekuwa kukiri mbele yake kwamba mdomo wake unanuka. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho nikasema hivyo hivyo.

Meno yakaanza kutoka yenyewe. La kwanza lilitoka na tonge la ugali, ugali laini jamani. Alinipa kiganjani nikaliangalia: jino zima, la kahawia, halina tundu hata moja. Lingemenya muwa hadi leo. Alipofariki alikuwa amebakiwa na mawili, na miaka yake ya mwisho sikumsikia akicheka.

Sasa utadhani nilipoona damu yangu mwenyewe nilienda kliniki siku hiyo hiyo. Wapi! Nilikaa wiki nzima nikisukutua chumvi. Nilipokwenda mjini hatimaye, nilimkuta daktari msichana ambaye ningeweza kumzaa.

"Labda ni hii maji yetu," nikamwambia.

"Hapana, mama. Maji inapaka rangi tu. Hii damu ni ya ukoga. Huku nyuma unapiga mswaki kweli?"

"Nikiona damu naacha."

"Na hapo ndio unafaa kupiga. Brashi laini, polepole, asubuhi na jioni, na uzi katikati ya meno. Chumvi inatuliza, lakini haitoi ukoga."

Aliniuliza kama nina kisukari, kama navuta sigara, akanikwangua chini ya fizi siku mbili tofauti. Aliniambia mfupa bado umeshika, nimewahi. Nililia pale kitini, naye akadhani ni ganzi imeisha.

Mahindi ya Kiamunyi yamekwisha, sasa ni mageti na mawe. Mgomba niliung'oa mimi mwenyewe tulipochimba msingi. Jana asubuhi nilipiga mswaki hadi nyuma kabisa, nikatema, maji yakatoka meupe. Nikafunga bomba. Na bado nikaisikia ile sauti yake, gulu gulu gulu, chini ya vigae, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Nilishika ukingo wa sinki nikasema kwa sauti, kama mtoto aliyetumwa:

"Shosho, daktari amesema uje. Amesema hawang'oi."