Picha Niliyopigwa Zizini

Nilikuwa nauza karanga sokoni Tarime, na karanga hazifungwi hewani, zinataka karatasi. Hivyo ndivyo nilivyoanza kukusanya albamu za picha za watu nisiowajua. Kuna waliosema baadaye kwamba nilikuwa mtu wa kupenda mambo ya kale. Uongo. Nilikuwa natafuta vifungashio.

Mchuuzi mmoja wa vitu chakavu alikuwa akiwazungukia watu wanaohama: makarani waliopewa uhamisho, wenye maduka waliorudi Musoma, Wazungu wa migodi iliyokuwa ikifungwa. Makaratasi yao aliniletea mimi kwa gunia. Siku moja, katikati ya magazeti na vitabu vilivyoliwa na mchwa, nikakuta albamu yenye jalada jeusi na kurasa nene. Nilikuwa nimekwisha kuchana ukurasa wa kwanza nilipomwona bibi kizee wa Kihindi ameketi kwenye kiti chenye mikono ya kuchongwa, ananitazama. Nikauweka ukurasa chini. Karanga za siku ile nilizifungia majani ya mgomba, na wateja wakanung'unika.

Miaka ilivyokwenda, albamu zikaongezeka chini ya kitanda. Mume wangu, ambaye alikuwa fundi cherehani na mtu wa utani, aliwaambia wateja wake barazani, "Wenzangu wana wakwe wanaokuja kunywa togwa. Mimi wakwe zangu wa karatasi, hata maji hawaombi." Nilimwacha aseme. Jioni alikuwa akikaa nami kitandani, tunafungua pamoja, tunawapangia watu wale maisha.

Yule bibi wa Kihindi, kwa mfano, alionekana kwenye kiti kilekile picha baada ya picha, wajukuu wakiongezeka miguuni pake, mpaka ukifika ukurasa fulani unakiona kiti kitupu na shada la maua juu yake. Kulikuwa na Mzungu wa mgodini aliyempiga picha mbwa wake kila alipolala na kila alipoamka, na mkewe mara moja tu, tena kwa mgongo. Mke yule nilimhurumia sana. Kulikuwa na harusi ya mwalimu wa dini kutoka upande wa ziwani, kila mtu amevaa viatu isipokuwa msimamizi mmoja wa bibi harusi, ambaye alificha miguu nyuma ya chungu cha maua. Huyo nilimpenda kuliko wote. Lakini nilichowaza zaidi ni wale walioviacha vitu hivi. Mtu anawezaje kumwacha bibi yake ndani ya gunia, akapanda lori, akaenda zake? Hasira yangu juu yao ilikuwa ya kweli, kana kwamba wamenikosea mimi.

Na ilikuwa na sababu. Mimi nilikuwa nimepigwa picha mara moja tu katika utoto wangu, na picha ile iliungua. Ndivyo mama alivyoniambia.

Nyumbani kwetu ni Nyarero. Mama alizaa mabinti watupu, wadogo zangu wakafa wachanga, nikabaki peke yangu. Nilikuwa darasa la nne, karibu na mtihani wa kwenda shule ya kati ya bweni, alipokuja mpiga picha wa kuzungukazunguka, kijana aliyevuka mpaka wa Kenya pale Sirari na kamera yake ya miguu mitatu. Baba hakuwapo. Msimu ule wote alikuwa Ikoma, akivunja mawe ya barabara. Mama akachinja jogoo, akamlisha yule kijana, akamwambia anipige picha.

Kijana alitaka nisimame mlangoni. "Huku zizini kunanuka mavi tu, mama," akamwambia. "Hapa mlangoni atatoka smati." Mama akakataa. Ng'ombe wachache tuliokuwa nao walikuwa malishoni, zizi lilikuwa tupu, na hapo katikati, juu ya samadi iliyokauka, ndipo alipotaka nisimame. Alinipaka mafuta, akanifunga shanga zake mwenyewe shingoni, akanisogeza kwa mabega mpaka nikawa katikati kabisa. Nilidhani ni mambo ya mwanga. Watu wa kamera walikuwa na mambo mengi ya mwanga.

Nilingoja ile picha kwa hamu ambayo siwezi kuieleza. Kila nilipouliza, mama alisema mpiga picha hajarudi. Kisha siku moja akasema amerudi, na picha imeungua kwa jua, haikutoka kitu. Nililia. Akanibembeleza, akanichomea muhogo.

Mtihani nilifaulu. Jina langu lilisomwa kanisani pamoja na ya wavulana, na mama akapiga vigelegele na wenzake. Wiki hazikupita nyingi, baba akarudi kutoka Ikoma, na mama akaja kuniambia, macho yamemvimba, kwamba baba ameamua niolewe. Ng'ombe walikwisha kuahidiwa. Alinikumbatia akasema, "Ningekuwa mwanaume mimi, mwanangu, usingetoka hapa ila kwenda shule." Maneno hayo niliyashika. Nilikwenda kwa baba, nikamuuliza mbele ya uso wake, kosa langu nini. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akasema, "Mama yako amekwisha sema," akaendelea kuchonga. Nikamwona mtu asiye na moyo.

Nikaolewa. Bahati yangu mume akawa mtu mwema, lakini bahati si shukrani. Ng'ombe wa mahari yangu walifika nyumbani, na mama akaoa mke. Kwetu Ukuryani hilo si jambo la kushangaza: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa binti wa watu, na wana atakaowazaa yule binti wakawa wana wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Nilimwita yule binti wifi, kana kwamba ameolewa na kaka yangu niliyemkosa. Naye aliniheshimu mno, kwa sababu mke huwaheshimu wale ambao mahari yao ndiyo iliyomwoa. Nikifika alinitandikia ngozi, akaninawisha mikono, hakuketi mpaka nimeketi. Mimi nilifurahi. Nilijiambia kwamba baba amenitoa shuleni kwa tamaa yake, na mama, maskini, ameokota kilichobaki akajijengea nyumba.

Kwa hiyo kila nilipokwenda Nyarero nilimchukulia mama sukari, sabuni na kitenge. Baba nilimpa shikamoo, nikapita. Hata ugoro sikumpelekea.

Basi siku moja mchuuzi akaniletea albamu ya mwanajeshi. Alikuwa amenunua sanduku la marehemu mmoja wa Kemambo, askari aliyerudi kutoka vita vya Wazungu na Wajapani, na nduguye alikuwa amelipekua akauza kila kisichovalika. Nilimlaani huyo ndugu kama kawaida yangu, kisha nikaifungua. Vijana wenye kofia za pembeni. Hema. Meli. Vijana wale wamekaa juu ya magunia, wanacheka. Halafu Kemambo: yule askari amekonda, amesimama na mkewe na binti mwenye mwanya. Nikamwambia mume wangu, "Huyu mtoto nimepata kumwona." Akasema, "Wewe kila wa karatasi umepata kumwona."

Nikageuza ukurasa, nikajiona.

Nilikuwa nimesimama katikati ya zizi letu, shanga za mama shingoni, mikono imenyooka. Picha haikuungua. Ilikuwa safi kiasi kwamba nyuma yangu uliweza kuhesabu miti ya uzio. Mume wangu alisema kitu, sikumsikia. Nilirudisha ukurasa nikamtazama yule binti mwenye mwanya, na safari hii nikamjua. Alikuwa wifi.

Kesho yake sikupeleka karanga sokoni. Nilichukua picha ile moja, nikaiviringisha ndani ya khanga, nikaenda Nyarero kwa miguu, mikono mitupu. Baba alikuwa nje ya boma anaota jua. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akatazama kama nina kikapu cha mama, akaona sina.

Mama alikuwa shambani. Wifi alikuwapo, ananyonyesha. Akaharakisha kunitandikia ngozi. Nikamwonyesha picha kabla sijaketi, naye akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa kitu chake kilichopotea.

"Umeipata wapi, wifi? Hiyo ilikuwa kwa marehemu baba yangu."

"Ilifikaje kwa baba yako?"

"Mshenga aliileta. Baba alisema haoni sababu ya kumtoa mtoto wake kwenye nyumba isiyo na ng'ombe. Mshenga akasema ng'ombe wapo, akatoa hiyo. Akasema, hao hapo zizini." Alimhamisha mtoto ziwa la pili. "Nilikuwa naitazama sana. Nilikuzoea kabla sijakuona."

"Ilikuwa lini?"

"Mwaka ule ulioolewa, mtama ulikuwa haujavunwa bado."

Mtama ulipokuwa haujavunwa, mimi nilikuwa nakariri majedwali ya kuzidisha kwa ajili ya mtihani. Baba alikuwa Ikoma. Wifi aliniangalia usoni, tabasamu likatoweka.

"Nilidhani unajua," akasema.

Mama alirudi na mzigo wa kuni. Sikumpokea. Aliutua mwenyewe, akaiona picha mkononi mwangu, na nitasema kweli: hakushtuka hata kidogo. Alifuta mikono akaipokea. Hakuwa ameiona tangu aitume, na sasa aliitazama kwa furaha waziwazi, akiisogeza mbali na karibu kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuchoka.

"Kumbe ilitoka vizuri hivi," akasema. "Yule mtoto wa Kenya alitaka kukuweka mlangoni. Mlangoni wangeona nini? Tazama ulivyolijaza zizi."

Nilimuuliza kama alipopiga vigelegele siku jina langu liliposomwa alikuwa amekwisha kuniuza. Akasema sikuuzwa, niliolewa, na kwamba aliposhangilia alishangilia kweli. Nilimuuliza kuhusu machozi. Akasema machozi pia yalikuwa ya kweli. Hapo ndipo nilipotaka kumpiga mama yangu mzazi, na ninaliandika hilo kama lilivyokuwa.

"Ungesoma, ungeolewa huko mbali na mtu wa vitabu," akasema. "Mimi ningekufa, watu wakang'oa hata mafiga yangu. Sasa nyumba yangu ina watoto. Aliye kifuani kwa huyo ni wako."

"Na baba?"

"Baba yako alirudi akakuta mambo yameiva. Alikasirika. Siku kadhaa hakula chakula changu. Nikamwomba, mtoto akiuliza, mwache adhani ni wewe." Aliendelea kuitazama picha. "Mwanaume akichukiwa na binti yake hapungukiwi kitu. Mama akichukiwa, nani atamletea sukari?"

Alisema hivyo bila kejeli. Aliniambia tu jinsi alivyopiga hesabu yake, na hesabu ilikuwa imetoka sawasawa: sukari niliileta miaka yote hiyo, na kule nje alikuwa ameketi mzee ambaye hakuwahi kuonja hata kijiko cha mkono wangu. Alikuwa amekubali kuniona nikimpita. Sikujua ni yupi kati yao aliyenikosea zaidi, aliyesema uongo au aliyeunyamazia, lakini nilijua ni yupi niliyempenda kwa ajili ya uongo huo.

Wifi alikuwa amepiga magoti na bakuli la maji ya kunawa. Nilimwambia ainuke, mimi siyo ng'ombe wake. Hakuinuka. Yeye hakuwa na kosa, na mpaka leo najuta kumwambia vile.

Nilinyoosha mkono. Mama akanirudishia picha taratibu, kidole chake kikichelewa pembeni mwa karatasi.

"Niachie basi," akasema. "Sina picha ya mtoto wangu hata moja."

Nikaiviringisha tena ndani ya khanga, nikaifunga fundo kiunoni.

"Picha gani, mama?" nikamwambia. "Ile iliungua."

Nikatoka nje, nikaketi chini kando ya baba.