Kombe la Mama

Leo jirani kaniletea kombe la mwanangu mwenye homa, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi. Nilipofunua sahani, ile harufu ikanirudisha utotoni. Nikamshukuru, nikaifunika tena.

Sahani ya bibi, mama yake mama, nayo ilikuwa nyeupe kama hii. Mama hakuwa amefumbua kinywa tangu aanguke na pikipiki barabara ya Olumbi. Tulimlisha uji mwepesi kwa mpira uliopita puani, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliusukuma polepole, nikisikia joto la uji likipita chini ya vidole vyangu.

Baba alisema, "Daktari kashatwambia ubongo umeharibika, harudi tena. Tunamtesa tu. Tuutoe mpira."

Bibi akamkazia macho. "Nimemzaa mimi. Mpira huu hautoki nikiwa hai."

Nikawa wa bibi tangu siku hiyo.

Asubuhi moja akanipa sahani. "Nenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akuandikie kombe, mama yako aamke. Usikimbie, litamwagika."

Sikukimbia. Nilirudi hatua kwa hatua, jua likinichoma utosi, na halikumwagika hata tone.

Nilikuta mpira umo ndani ya beseni, umeshaoshwa, na mikono ya bibi bado imelowa. Baba alikuwa kageukia ukutani. Mama alikuwa bado anapumua, na alama ya plasta puani.

"Bibi, sasa atanywaje?"

Hakunitazama. Aliisukuma sahani kifuani kwangu. "Kunywa wewe, mjukuu wangu."

Nikanywa lote, maana hakuna niliyemwamini kama yeye.