Mikono ya Mama Olga

Mama Olga, mshonaji kutoka Bukavu, alikuwa ameishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, miaka tisa akitamani mjukuu. Mwaka 2015, binti yake Sophie akiwa mjamzito, Mama Olga mwenyewe alipasuliwa tumbo hospitalini Lilongwe. Kidonda kikatunga usaha. Dawa tatu zilishindwa, ya nne ndiyo iliyomponya.

Siku ya kuruhusiwa daktari alizungumza naye, Sophie akitafsiri.

"Umepona, mama, lakini vijidudu sugu bado vimejificha tumboni mwako. Vyako na vya mgonjwa wa kitanda cha jirani ni aina mbili tofauti, ila vimepeana vinasaba vilevile vya kushinda dawa. Ndivyo usugu unavyoenea wodini kimyakimya."

Wiki mbili baadaye Sophie alijifungua kabla ya wakati. Mtoto, Vainqueur, akalazwa chumba cha njiti. Mama Olga alikuja mbio kutoka Dzaleka, lakini mlangoni akasimama.

"Ingia basi, mama. We njo tate yake, bibi yake," Sophie alimsihi.

"Hapana. Mule muko batoto badogo, hawana nguvu. Mi nitamuangalia kwa dirisha."

Kwa majuma sita alimtazama kupitia kioo, mikono ikimuuma kwa hamu ya kumpakata.

Mtoto aliporuhusiwa, daktari alimwambia Mama Olga kuwa mtoto sasa ana nguvu, anawe vizuri kwa sabuni, kisha ambebe. Alinawa mara tatu. Lakini Vainqueur hakuijua harufu yake. Akalia akimtaka mama yake. Mama Olga akamrudisha kwa Sophie taratibu.

"Tutazoeana," alisema, macho yakibaki kwa mtoto.