Komwe ya Kumi na Saba

Mfungo Mosi wa mwaka 1996, mwezi unaofuata Ramadhani, alifariki kaka yangu kwa homa ya siku nne, na katika siku zilezile za matanga ikapotea komwe ya kumi na saba. Najua mambo haya mawili hayalingani. Nayaandika pamoja kwa sababu ndivyo yalivyonijia. La kwanza sikuweza kulifanyia lolote. La pili nilihangaika nalo miaka miwili.

Komwe ni ile mbegu ngumu ya kijivu ambayo watu huichezea bao. Zetu zilikuwa ishirini, na hatukuzichezea bao.

Kaka alikuwa akifanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Mji Mkongwe. Mgeni mmoja alisahau kitabu chumbani, kikakaa miezi kwenye kabati la vitu vilivyosahauliwa, hakuna aliyekiulizia, kaka akaja nacho nyumbani. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, hakina jalada, kinaeleza mchezo wa kukaa kitako. Mimi niliishia darasa la nane na Kiingereza changu ni cha kuuzia kofia, kwa hiyo alinisomea yeye. Mtu mmoja anakuwa msimulizi. Ndiye anayejua nchi ilivyo, wapi pana pango na nani amelala ndani yake. Wengine kila mmoja ana mtu wake anayesafiri katika nchi hiyo, na kila hatua wanasema wanafanya nini. Mtu akitaka kuruka shimo au kupigana, inatupwa dadu ili ijulikane amefaulu au la. Kitabu kilitaka dadu ya nyuso ishirini.

“Dadu haiingii nyumba hii,” alisema mama. “Dadu ni kamari.”

“Hatuchezei pesa, mama.”

“Hata mkichezea maji.”

Kaka hakubishana. Alikwenda akatafuta komwe ishirini zinazolingana, akatia sindano motoni, akaichomea kila moja nambari yake, kwa tarakimu za Kiarabu. Zikatiwa ndani ya kofia, na anayetaka kujua bahati yake anatolewa moja. Tarakimu za Kiarabu aliziandika kwa makusudi. Mama alisoma chuo cha Kurani tu, hesabu za skuli hazijui, na kaka alitaka mama ndiye awe mtoaji. Akamwambia, “Wewe huchezi, kwa hiyo huna wa kumpendelea.” Mama akakubali. Tangu siku ile kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikaa na kofia mapajani, akiulizwa anatia mkono, anatoa, anasoma, anarudisha. Alijifanya hasikilizi hadithi. Lakini tukikawia kuamua alituuliza, “Sasa huyo mtu mmemwacha kisimani mpaka lini?”

Wachezaji tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Vitu vyote vya mchezo tulivitengeneza wenyewe. Mimi nashona kofia, na ndiyo kazi iliyonilisha maisha yangu, kwa hiyo ramani niliishona mimi. Nilinunua kitambaa cha marekani dukani Mlandege, nikaipiga mistari ya penseli ikawa viraba viraba, na kila pembe ya kiraba nikatia kitobwe, kitundu kidogo kilichozungushiwa uzi, kama vile vya kofia. Mito niliitarizi kwa uzi wa buluu. Watu wetu walikuwa kokwa za tende zilizosimamishwa kwa nta juu ya vizibo vya soda. Yangu ilifungwa uzi mwekundu kiunoni, ya wifi uzi wa kijani. Ya kaka, ambayo ilikuwa ya mzee mmoja kiongozi wa njia, haikufungwa kitu. Kuta za mapango zilikuwa viberiti vitupu. Ukikivuta kiberiti, ndani mna kitu au hamna kitu.

Joka lilikuwa zipu. Wifi aliikata kwenye suruali kuukuu ya marehemu baba, akaikunja mara tatu na kuishonea kichwa cha kitambaa.

“Joka gani linatoka kwenye suruali ya mume wangu?” aliuliza mama.

“Ndiyo maana linatisha,” alisema wifi, na mama akacheka mpaka akaiweka kofia chini.

Uhai wetu tuliuhesabu kwa choroko. Kila mtu anaanza na choroko thelathini kwenye kikombe, na akiumizwa anapunguziwa. Ijumaa moja tulikuta vikombe vitupu. Mama alikuwa amepungukiwa jikoni.

“Nyie mlikuwa hai kwenye chungu,” alisema, “na mmeshajila.”

Hivyo ndivyo tulivyoishi kama miaka mitano. Siwezi kusema ilikuwa miaka ya raha tupu. Wifi hakujaaliwa mtoto na hilo liliwaumiza wote wawili. Lakini Ijumaa mchana ilikuwa yetu, na mpaka leo nikisikia harufu ya nta nafurahi.

Ijumaa ya mwisho kaka alitufikisha kwenye daraja la kamba, juu ya shimo refu. Alisema ili tuvuke pamoja inatakiwa komwe ya kumi na moja au zaidi. Mama alikuwa ameshatia mkono kofiani, kaka akasema amechoka, mwili haupo. “Tutavuka Ijumaa ijayo,” alisema. Alhamisi tukamzika.

Siku ya hitima wanawake walijaa ukumbini, na kundi moja lilikuwa likileta tahalili, La ilaha illallah, kwa kuhesabu, maelfu kwa maelfu. Tasbihi hazikutosha. Mtu akaomba kitu chochote cha kuhesabia. Nilizitoa komwe mimi mwenyewe, sikulazimishwa na mtu. Niliona ni jambo jema, kwamba vitu alivyovichoma kwa mkono wake vihesabie dua za kumwombea. Watu walipotawanyika nikazikusanya. Zilikuwa kumi na tisa.

Nilikunja mikeka yote. Nilipekua hata taka za jikoni. Niliwauliza majirani mpaka wakaanza kunihurumia kwa namna nisiyoipenda.

Wifi alipomaliza eda alirudi kwao Ng'ambo, lakini alikuja kututazama mara kwa mara. Siku moja alisema, “Wifi, tulivuke lile daraja.”

“Komwe hazijatimia.”

“Komwe ni komwe. Kaokote nyingine, uichome.”

“Haitakuwa ya mkono wake.”

Nami nakiri hapa nisilomkiria siku ile: sikutaka kulivuka. Maadamu komwe imepotea, mchezo haujesha, na yule mzee wa kokwa ya tende bado amesimama kwenye kitambaa akingojea Ijumaa. Nilijificha nyuma ya komwe moja. Wifi nadhani alijua, kwa sababu hakunisukuma tena, mpaka mwaka wa pili, alipokuja kutuambia amechumbiwa na mtu wa Pemba na baada ya ndoa atahamia huko.

Mama alimwombea kheri. Mimi pia nilimwombea, na nilimaanisha. Kisha wifi akanitazama.

“Sitaki kwenda nikamwacha darajani,” alisema. “Nnakwenda kwa mume mwengine. Nataka huyu wa kwanza niwe nimemvusha.”

Nikamwambia nitajaribu. Sikujua najaribu nini.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Mkokotoni, kumpelekea shangazi yangu kofia aliyoniagizia kwa ajili ya mwanawe. Nilimkuta uani anachambua mchele, mjukuu wake wa miaka mitatu amemkalia miguuni.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umekonda. Mamako hakupikii?”

Yule mtoto alihamia kwangu bila kualikwa, kama watoto wanavyofanya kwa mgeni mwenye mfuko. Shingoni alikuwa na hirizi ya ngozi. Nilipomrekebishia kanzu yake vidole vyangu viligusa hirizi, na ndani yake si karatasi iliyokunjwa. Ni kitu cha mviringo, kigumu. Mtu aliyezikusanya komwe kila Ijumaa miaka mitano anaujua ukubwa wake.

“Hirizi hii ameifanya mwalimu gani?” niliuliza.

“Hajaifanya mwalimu,” alisema shangazi, bila kuinua uso. “Hiyo nimepewa na Mungu. Siku ya hitima ya kakako nilirudi nyumbani, nikafungua pindo la kanga nitoe nauli, nikakuta komwe. Ina maandishi ya Kiarabu, mimi siyasomi, yamechomwa moto. Nikasema hii si ya kutupa, hii imetoka kwenye kisomo. Mtoto huyu wakati huo haishi homa. Nikaishonea ngozi, nikamvika. Tangu hapo hajalala kitandani.”

Mtoto alikuwa akichezea vifungo vya mfuko wangu. Shangazi alileta chakula, tukala, na sikumbuki tulikula nini. Nilifikiri ninyamaze. Mtoto ni mzima, bibi ana imani yake, na mimi nitabaki na sababu yangu ya kutovuka. Watu wote wangebaki walipo. Lakini wifi asingebaki.

Tulipokwisha kunawa nikasema, “Shangazi, ile komwe ni yetu. Si ya kisomo. Ni ya mchezo.”

“Mchezo gani?”

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa sababu ni mchezo mgumu kuueleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mna majini ndani yake?”

“Wamo wawili watatu. Zaidi ni mapango.”

“Na maandishi yale ni nini?”

“Kumi na saba.”

“Kumi na saba tu?”

“Tu.”

Alimgeukia mjukuu wake. Nilingoja anikasirikie. “Kwa hiyo mtoto huyu,” alisema, “miaka miwili amevaa nambari.”

“Naam.”

“Na hakuumwa.” Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, na sikujua kama ni kicheko au kilio, ila mabega yalikuwa yakitikisika. “Basi mlinzi ni Mungu peke yake, na mimi mjinga. Mamake asijue. Alinikataza hirizi tangu mwanzo, atanicheka mpaka niingie kaburini.”

Alitafuta wembe, akafumua mshono pole pole, mtoto akiwa bado ameivaa. Komwe ikadondoka mkononi mwangu. Ilikuwa imeng'ara kwa jasho la ngozi, lakini moja na saba bado zinasomeka.

“Na sasa utatia nini humo?” niliuliza.

“Karafuu,” alisema. “Angalau atanukia.”

Ijumaa iliyofuata wifi alikuja mapema. Nilitandaza kitambaa ukumbini, nikapanga viberiti, nikaziweka kokwa tatu mwanzo wa daraja. Mama alihesabu komwe zote ishirini moja moja kabla hajazitia kofiani, na alipofika kumi na saba aliishika kidogo zaidi kuliko nyengine, kisha akaitia. Alizichanganya, akatia mkono, akatoa.

Hakusoma. Alinitazama mimi, halafu wifi.

“Sita,” alisema. Daraja lilitaka kumi na moja. “Niirudishe nitoe nyengine? Mimi ndiye mtoaji.”

“Usirudishe,” alisema wifi. “Angekuwepo asingekubali.”

Nami nikasema asirudishe. Kwa hiyo tulianguka wote watatu. Nilizilaza kokwa chini ya daraja, juu ya marekani nyeupe, mahali ambapo sikuwahi kutarizi kitu kwa sababu kaka hakuwahi kuniambia pana nini. Nilikuwa nimelipekua zamani daftari alimokuwa akiandika hadithi ya mchezo. Neno la mwisho ndani yake ni daraja, na baada ya hapo kurasa tupu.

“Huko chini pana nini?” aliuliza wifi. Hakumuuliza mama. Aliniuliza mimi.

Nilivuta kikapu changu cha kushonea, nikatoa uzi wa buluu, nikauzungusha juu ya kitambaa kuzizunguka kokwa tatu.

“Maji,” nilisema. “Yametufika kiunoni. Hakuna aliyeumia.”

Mama akairudisha komwe ya sita ndani ya kofia, akaitikisa, akaiweka mapajani.

“Haya,” alisema. “Mnakwenda upande gani?”